Kondoo Watatu wa Zizi la Pembeni

Siku mama wa kambo alipohamia nyumbani kwao, Fundi alisimama dirishani akahesabu alichokuja nacho: sanduku moja la nguo, mzani wa jikoni, sufuria mbili na kikombe cha bati. Hakuona picha ya ukutani wala ndugu wa kumsindikiza. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, alijiambia, hawezi kuwa na vitu vichache hivyo isipokuwa vingine ameviacha mahali asipotaka pajulikane.

Fundi alikuwa na miaka ishirini na sita. Alishona sare za shule katika karakana iliyokuwa kando ya barabara kuu, wanawake kumi na wanane chini ya paa moja la bati, kila mtu na cherehani yake. Jina la Fundi alilipata huko, likamfuata hadi nyumbani, hata baba yake akaacha kutumia lile alilompa mwenyewe. Baba alikuwa dereva wa greda aliyestaafu. Mngurumo wa miaka thelathini ulikuwa umemmaliza masikio, na mtu akitaka kumwambia jambo la siri ilimbidi amtangazie na jirani.

Mama yake Fundi alikuwa amefariki baada ya kulazwa miezi miwili, na aliacha kondoo jike watatu. Shungi alikuwa na kishada cha manyoya juu ya paji la uso. Barakoa alikuwa mweupe mwili mzima, mweusi usoni. Kipara alikosa manyoya ubavuni, pale alipowahi kuungua na maji ya moto akiwa mdogo. Baba alipopata kiinua mgongo alinunua wengine wanane na dume mmoja, akaongeza banda, lakini wale watatu walibaki katika zizi lao dogo la pembeni, karibu na mlango wa nyuma, kama walivyozoea.

Mwaka na kidogo baada ya msiba, baba akaoa. Mke mpya alikuwa mpishi katika hospitali ileile alikofia mama. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika jiko la chakula maalumu, wanakopikiwa wenye sukari, wenye figo na wajawazito waliopungukiwa damu, na kwa kuwa hakuwahi kumpakulia mgonjwa hata uji bila kupima, watu walimwita Mama Kipimo. Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Baba alikuwa akienda hospitali kila siku kumwona mkewe, na huko, mkewe akiwa kitandani, alikutana na huyu. Wamekutana vipi, tangu lini, walizungumza nini? Maswali hayo aliyameza, yakamkaa kooni.

Siku ya kwanza kabisa, Mama Kipimo alipopelekwa bandani, alisimama mbele ya zizi la pembeni na kusema, "Huyu ndiye Shungi. Na yule ni Kipara, yule aliyezaa mfu mwaka juzi." Baba alikuwa mbele, hakusikia. Fundi alisikia, na nywele zikamsimama. Hakuna mtu aliyekuwa amemtajia mgeni majina ya kondoo. Na habari ya yule mwanakondoo mfu waliijua watu watatu tu: yeye, baba na marehemu. Baba mwenyewe majina ya kondoo humchanganya. Sasa huyu ameyapata wapi?

Hakuuliza. Alianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Miezi ya mwanzo hakuona la kushika. Mama Kipimo alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kuficha mkono wa kushoto ndani ya mkono wa sweta hata jua likiwa kali. Aliwapenda kondoo kuliko watu, au ndivyo ilivyoonekana. Kabla ya kuwaachia dume aliwalisha vizuri majuma matatu, wote kumi na mmoja, na baada ya hapo akaandika tarehe kwenye ukuta wa banda kwa chaki. Kila mwezi aliwapapasa mgongoni mmoja mmoja, akiingiza vidole kati ya uti na mbavu kusikia kama kuna nyama. Fundi wakati huo alikuwa na zamu ndefu karakanani, msimu wa kufungua shule, na mambo ya banda yalimpita.

Ukame ulipofika na nyasi kugeuka makapi, zikiwa zimebaki wiki sita kondoo waanze kuzaa, Mama Kipimo akaanza jambo jipya. Aliagiza pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, akayachanganya juu ya turubai kwa koleo, kisha akafungua kopo lisilo na karatasi wala maandishi, akanyunyizia humo unga wa kijivu. Kila asubuhi, kabla kondoo hawajatoka kwenda malishoni, kila mmoja alipata kipimo chake. Baba aliuliza, Fundi akiwa pale, kwa nini wasubiri nyasi zikauke ndipo wapewe chakula cha dukani. Mama Kipimo alimjibu kwa sauti ya juu kwamba si nyasi tu. Watoto tumboni hukua zaidi wiki hizi za mwisho kuliko miezi yote iliyotangulia, wanasukuma tumbo la chakula, na mama hawezi kula nyasi za kutosha hata zingekuwa nyingi. Lazima apewe kidogo chenye nguvu.

"Na hilo kopo?" Fundi aliuliza.

"Chumvi ya madini. Mfuko wake ulilowa, nikaihamishia humo."

Jibu lilikuja haraka mno. Fundi aliliweka moyoni.

Siku ya tatu kondoo wawili kati ya wale wapya wakaanza kuharisha. Mama Kipimo alikiri mwenyewe kwamba alianza na kingi, akapunguza hadi nusu, akawa anaongeza kidogo kidogo, na baada ya siku mbili matumbo yakatulia. Kwa Fundi maelezo hayo hayakufuta kitu. Alichoona ni kwamba mtu ametia unga kwenye chakula na kondoo wakaugua.

Karakanani kulikuwa na mwanamke anayeshona vifungo, mwenye ulimi usiolala. Fundi alipomdokezea kwamba mke wa baba yake alifanya kazi hospitali, mshona vifungo aliacha sindano hewani. Alisema amesikia kuna mpishi aliyeondolewa huko kwa sababu ya jambo lililotokea jikoni. Jambo gani, hakujua, lakini mtu haondolewi bure. Alimuuliza Fundi kama huyo mke wa baba ana kovu. Fundi akaukumbuka ule mkono ndani ya sweta, na kwa siku nzima alishona mifuko kinyume, akalazimika kuifumua.

Jioni ile alimwambia Mama Kipimo, "Hawa wa mama nitawalisha mwenyewe."

Alitarajia ubishi. Mama Kipimo alimtazama kidogo, kisha akasema, "Vizuri. Mimi nitakupimia, wewe utawapa. Wala usiwachanganye na wengine, hawa ni wazee, watanyang'anywa."

Basi kila asubuhi kulipopambazuka Fundi alikuta beseni tatu zimepangwa juu ya benchi, kila moja na kipimo chake. Alizibeba hadi zizi la pembeni, akalipita, akatokea mlango wa nyuma. Huko kulikuwa na lundo la samadi. Alimwaga beseni zote tatu, akafukia kwa reki, akarudi na majani makavu aliyoyakata mtaroni jana yake, akayajaza kwenye hori. Mama yake hakuwahi kuwalisha kondoo kitu kingine, na walizaa. Wakati mwingine Shungi alinyoosha shingo kuelekea beseni tupu akilamba ukingo, na Fundi alimsukuma taratibu akimwambia avumilie, ni kwa faida yake.

Alifanya hivyo wiki nne na siku mbili.

Wale wanane walinawiri. Manyoya yalipata mng'aro, mgongo ukajaa. Fundi alijieleza kwamba ni kawaida: hao ni mali ya mama wa kambo na baba, hawezi kuwadhuru. Wale watatu walikuwa na matumbo makubwa kama magunia lakini uti wa mgongo ulihesabika, na alipowaona alijisemea kwamba mama wa kambo amepata njia nyingine. Pengine anawatia kitu kwenye maji. Pengine ni mchana, yeye akiwa kazini. Akaanza kubadilisha maji pia, akiteka mapya kila anaporudi. Hakupata hata siku moja kujiuliza swali la upande wa pili. Mashaka yalikuwa yamemjaa kichwani hadi hakuna wazo jingine lililopata pa kukaa.

Kitu kimoja tu hakukiona. Kuku wa nyumbani, waliozoea kushinda chini ya jiko la nje, walihamia nyuma ya banda. Walinenepa hadi wakawa wanatembea kama wenye viatu vya kubana.

Alhamisi moja umeme ulikatika karakanani saa nane mchana, wakaruhusiwa kuondoka. Fundi alifika nyumbani bila kutarajiwa. Uwanja ulikuwa kimya, baba hayupo. Alipita ubavuni mwa banda, na kupitia ufa wa mbao akamwona Mama Kipimo ndani ya zizi la pembeni. Alikuwa amempanda Kipara kwa kumbana shingo katikati ya magoti, ameuinua mdomo wake, na anammiminia kitu cha rangi ya kahawia kutoka kwenye chupa ya soda. Sweta alikuwa amelivua. Mkono wa kushoto, kuanzia kiganja hadi kiwikoni, ulikuwa na ngozi iliyokunjamana na kung'aa. Alipomaliza akainama, akaweka pua kwenye mdomo wa kondoo, akavuta pumzi. Kisha akatikisa kichwa na kutoka.

Fundi hakusogea hadi aliposikia mlango wa jikoni.  Aliingia zizini. Kipara alisimama akiwa ameegemeza kichwa ukutani, macho wazi, haoni. Meno yalikuwa yanasaga bila kitu mdomoni. Fundi naye akainama, akanusa. Ilikuwa harufu tamu na kali, harufu anayoijua vizuri, kwa sababu wasichana wa karakana huitumia kila Jumatatu msimamizi anapokataza kucha za rangi. Ilikuwa kama ile dawa ya kufutia kucha.

Kumbe ni hii, alijisemea. Ni hii anayowanywesha.

Ijumaa asubuhi, badala ya kwenda kazini, alijaza mfuko wa nailoni kwa chakula cha kwenye turubai, akachota kijiko cha unga wa kopo, akaificha ile chupa ya soda kwenye mkoba, na kwenda moja kwa moja kwa daktari wa mifugo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya machinjio, chenye meza, friji na kalenda ya mwaka uliopita. Daktari alikuwa mwanamume mfupi mwenye buti za mpira, asiyependa kuketi. Fundi alimweleza yote aliyoona: kopo, chupa, kovu, harufu, hata habari ya hospitali. Hakumweleza aliyoyafanya mwenyewe, kwa kuwa kwake hayo yalikuwa ulinzi tu.

Daktari alisikiliza huku akichambua chakula kiganjani. Alionja ule unga kwa ncha ya ulimi. Alipofungua chupa ya soda akanusa, aliikaza kifuniko na kuirudisha mezani. Kisha aliuliza kama huyo baba yake ni yule mzee asiyesikia vizuri. Fundi aliposema ndiye, daktari alimwambia kwamba mzee alikuja jana mchana akimtafuta, akamkosa, alikuwa kwenye chanjo. Alitumwa na mkewe amwite daktari haraka, kwamba kondoo hali.

Njiani, nyuma ya pikipiki ya daktari, Fundi alijaribu kulipanga hilo jambo. Anayeua haendi kuita daktari. Isipokuwa anajua daktari hayupo. Lakini angejuaje?

Walimkuta Kipara amelala ubavu, miguu ikipiga hewa. Shungi alikuwa amesimama peke yake pembeni, kichwa juu, hataki majani. Barakoa alikuwa bado anatafuna, polepole. Mama Kipimo alikuwa amepiga magoti karibu na Kipara akiwa amemwekea kichwa juu ya gunia lililokunjwa. Aliposimama kumsalimu daktari, Fundi aliona goti la nguo yake lina samadi mbichi, na kucha zake pia, kama mtu aliyekuwa anachimba.

Daktari hakuanza na Kipara. Alimwendea Shungi, akamziba pua kwa kiganja ili kumkojolesha, na papo hapo mkojo ukatoka. Daktari alikinga kwa kikombe, akachovya karatasi nyembamba. Ikageuka zambarau, wote wakiangalia.

"Hakuna sumu hapa," alisema. "Hawa wana njaa."

Aliwaeleza huku akivuta dawa kwenye bomba la sindano. Kondoo mwenye pacha tumboni asipopata chakula chenye nguvu siku za mwisho, watoto hawangoji. Mwili unachukua mafuta yake mwenyewe kuwalisha, ini linalemewa, na ile harufu ya mdomoni, pamoja na rangi ile ya karatasi, ni mafuta yanayoungua vibaya. "Huyu amekuwa akijila mwenyewe," alisema, akimgusa Kipara. Ile chupa ilikuwa molasi na maji ya uvuguvugu, na kama si hiyo, asingemkuta hai. Mama Kipimo alisema, kwa sauti ndogo, kwamba harufu ile aliijua kutoka wodi ya wenye sukari, ila hakuamini kwamba kondoo nao huipata.

Daktari alitazama upande wa pili wa banda, kwa wale wanane wenye migongo iliyojaa, kisha akarudi kwa hawa watatu. Akauliza swali ambalo lilikuwa lazima liulizwe.

"Hawa wanakula chakula kilekile?"

Baba alikuwa amefika mlangoni akiwa na kofia mkononi. Yeye, ambaye hasikii, hili alilisikia. Alimgeukia mkewe. Alichosema hakukisema kwa kelele, na kwa sababu maisha yake yote alipaza sauti, upole ule ulitisha zaidi.

"Wewe ndiye unayepima. Wako wamenona. Hawa wa marehemu uliwapimia nini?"

Mama Kipimo alimtazama Fundi. Mara moja tu. Kisha akamjibu mumewe, "Nimewapimia sawa."

"Basi kimekwenda wapi?"

Mama Kipimo alimrekebishia Kipara gunia chini ya kichwa. Fundi alikuwa na neno mdomoni, lakini lilikuwa kubwa kuliko mdomo. Alitazama kalamu mfukoni mwa daktari. Alitazama beseni tatu zilizopangana juu ya benchi. Baba alisema kwamba kuanzia sasa mkewe asikanyage banda, akavaa kofia, akatoka. Daktari alijifanya hamnazo, akamdunga Shungi, akamwongezea Kipara maji ya sukari kwenye mshipa, akaacha chupa ya dawa na maelekezo: kila baada ya saa nne, kiasi hiki, usiku na mchana, na mtu wa kuwanywesha awe anajua kuwashika wasipaliwe. Kuhusu Kipara hakuwapa matumaini.

Kipara alikufa saa saba mchana. Mama Kipimo hakuwepo. Alikuwa amekaa jikoni kama alivyoamriwa, mikono mapajani. Aliyekuwepo ni Fundi, na aliliona tumbo likiendelea kucheza kwa muda kidogo baada ya mama mtu kutulia. Hakuna kitu kilichowahi kumuumiza namna ile, hata siku ya msiba, kwa sababu siku ile hakuwa na hatia.

Saa nane ilikuwa zamu ya dawa ya Shungi. Fundi alijaribu peke yake. Alimbana vibaya, kondoo akapaliwa, akakohoa povu, nusu ya dawa ikamwagika sakafuni. Alijaribu tena, ikamwagika tena. Ndipo akatoka na chupa mkononi, akavuka uwanja hadi alipokuwa baba yake akichimba shimo kando ya uzio.

"Baba, ni mimi niliyemwaga chakula chao."

"Unasemaje?"

"Chakula. Nilikimwaga mimi."

Baba alimgeuzia sikio lake zuri. "Nani kamwaga?"

Ilimbidi aseme mara ya tatu, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Kwamba kila siku kwa mwezi mzima alikitupa kwenye samadi. Kwamba alidhani kina sumu. Kwamba Mama Kipimo hakukosea hata gramu moja. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alishusha mikono na kubaki amesimama na shuka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Fundi alijua kwamba huko nako kumesikika.

Baba aliegemea jembe. Alimwangalia binti yake kwa muda, kama mtu anayetafuta njia ya zamani iliyokwisha fukiwa. Hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu, "Nenda kamwite aje. Kondoo anakufa."

Mama Kipimo alikuwa tayari amesimama mlangoni, akikunja mikono ya sweta, mkono wa kovu ukiwa wazi. Alichukua chupa kutoka kwa Fundi bila kumtazama. Walipofika zizini alimwambia ashike hapa, siyo pale, ainue kidevu hadi usawa wa jicho na asizidishe, aache kondoo ameze kabla ya kuongeza. Walifanya hivyo hadi kipimo kikaisha. Baadaye, akifuta mikono, alisema kwamba kukonda kwao alidhani ni uzee, hadi asubuhi ile alipokwenda kuwatazama wale kuku. Hakuna kuku anayenenepa wakati wa kiangazi kwa kula samadi. Alichimba, akakuta mashudu.

"Kwa nini hukumwambia baba?" Fundi aliuliza.

"Angemwamini nani? Mimi au wewe?"

Kwa siku tatu walipeana zamu. Siku ya pili Shungi alilamba molasi mwenyewe. Siku ya nne aliingiza pua kwenye beseni, na Fundi akageuka ukutani asionekane uso. Siku ya tisa alizaa majike wawili, mmoja wa kawaida, mwingine mdogo kama paka, mwenye masikio baridi. Barakoa, ambaye hakuwahi kuanguka, naye alizaa wawili kabla ya wiki kwisha.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Shungi alikuwa amechoka na maziwa yalikuwa haba. Mama Kipimo alieleza kwamba anayenyonyesha pacha anahitaji chakula kingi kuliko hata alipokuwa na mimba, basi kipimo kikapanda, asubuhi na jioni, pamoja na majani ya kunde yaliyonyaushwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Fundi. Na kila mara alipobeba beseni, Mama Kipimo alikuja nyuma yake, akasimama mlangoni, akangoja hadi kondoo amalize. Fundi akiondoka, alisikia akiingia kuangalia hori, kisha hatua zake zikizunguka hadi kwenye lundo la samadi. Aliangalia huko pia. Aliingiza fimbo.

Hakuna aliyezungumzia hilo. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi alijua kwamba anatazamwa kwa jicho lilelile alilokuwa analitumia yeye, na mara ya kwanza maishani alielewa linavyochoma mtu mgongoni. Wakati fulani alikasirika, akatamani kutupa beseni chini. Alichofanya ni kuacha mlango wa nyuma wazi ili anayetaka kuangalia asipate taabu ya kuzunguka.

Asubuhi moja, wakimshikilia yule mdogo wa masikio baridi anyonye upande wenye maziwa, Fundi alipata ujasiri wa kuuliza lililomkaa kooni tangu mwanzo. Aliuliza aliyajuaje majina ya kondoo.

 Mama Kipimo alimgeuza mwanakondoo, akamfungua mdomo kwa kidole.

"Mama yako alikuwa hali," alisema. "Nilikuwa nampelekea uji mwenyewe, nakaa naye hadi amalize, maana nikimwachia nakuta umepoa. Sasa ili ale, ilibidi azungumze, na hakuwa na mazungumzo mengine. Ni Shungi, Barakoa, Kipara. Alinieleza huyu ana tabia gani, yule anaogopa nini. Alinieleza habari ya yule mfu, na wengine wawili kabla yake ambao wewe hukuambiwa. Alinyamaza ili usiache shule ukaja kumsaidia. Alikuwa ananiuliza mimi, mpishi wa watu, kama naona kosa lilikuwa chakula."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sijui. Sikuwa najua." Alimrudisha mwanakondoo kwenye chuchu. "Nilianza kuuliza baada ya yeye kufa. Nilikuwa na muda. Nilikuwa nyumbani na huu mkono."

Mkono ulikuwa umeungua kwa sufuria ya uji iliyopinduka, kitu cha kawaida jikoni. Hospitali haikuwa na kazi ya mkono mmoja. Kuhusu baba, alisema bila kuombwa kwamba alimfahamu wodini, ndiyo, na kwamba kwa miezi miwili ile walisalimiana tu, na kwamba Fundi ana haki ya kuamini au kutoamini. Fundi hakusema ameamini. Alisema mwanakondoo ameshiba upande huo, wambadilishe.

Yule mdogo alikufa wiki iliyofuata, kwa nimonia, licha ya yote. Dada yake aliishi, na wale wawili wa Barakoa wakakua wakorofi, wakiruka juu ya mgongo wa mama yao akilala. Fundi alirudi karakanani, akampiga marufuku mshona vifungo kumzungumzia mke wa baba yake, na alipoulizwa kumetokea nini, alisema tu kwamba alikosea.

Katikati ya mwezi wa pili wa kunyonyesha, Fundi alibeba beseni asubuhi, akamimina, akasimama akingoja. Alikuwa amezoea kusikia hatua nyuma yake. Zilichelewa. Shungi alimaliza nusu, akamaliza yote, akalamba kona za hori. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Mama Kipimo akimwelekeza baba, kwa kelele, mahali sukari ilipo.

Fundi alingoja kidogo zaidi, halafu akaichukua beseni akaenda kuiosha.